Bei ya Mnadani na Bei ya Njiani: Baiskeli ya Magurudumu Matatu kutoka Coventry hadi Katwe

Insha hii imetokana na baiskeli moja. Mwezi wa Februari 2023, yapata saa sita usiku, nilikuwa nimekaa kitandani hapa Kampala nikitazama saa ya mnada wa intaneti ikihesabu sekunde kurudi nyuma. Binamu yangu anayeishi Birmingham, Uingereza, alikuwa upande wa pili wa simu. Tulikuwa tukishindania baiskeli ya magurudumu matatu ya mtu mzima, iliyotumika, kwa ajili ya shangazi yetu, ambaye nyumbani tunamwita Senga. Tuliipata kwa pauni 71, ambazo kwa wakati ule zilikuwa kama shilingi 334,000 za Uganda. Fundi mmoja wa Katwe alikuwa ametuambia kwamba mpya atatuundia kwa shilingi laki tisa. Usiku ule nililala nikijiona mwerevu.

Nitaonesha kwamba sikuwa mwerevu, na kwamba kosa langu lina historia ndefu. Tangu baiskeli zilipoanza kuingia Uganda, bei inayotajwa mahali zinapouzwa imekuwa sehemu ndogo ya bei anayolipa mwenye kuziendesha. Sehemu kubwa hukaa njiani na mpakani. Tena kuna watu waliolitambua jambo hili kabla yangu wakaligeuza kuwa riziki yao, na mmoja wao ni Senga mwenyewe.

Tuanze na chombo. Baiskeli ya magurudumu matatu haikubuniwa na mtu mwenye miguu mizima aliyewahurumia wengine. Mwaka 1655 Stephan Farffler, fundi wa saa wa Altdorf karibu na Nürnberg huko Ujerumani, alijiundia kiti cha magurudumu matatu alichokiendesha kwa kuzungusha mpini kwa mikono, kwa sababu miguu yake haikufanya kazi. Alikuwa na umri wa miaka 22, umri ambao mimi bado naomba nauli nyumbani. Meno ya gurudumu aliyoyatumia ni meno ya saa yaliyokuzwa. Zaidi ya miaka 200 baadaye, katika mji wa Coventry, James Starley alitengeneza baiskeli za magurudumu matatu za kukanyagwa kwa miguu, akaziuza kwa watu wenye fedha, hasa wanawake wenye magauni marefu na wazee walioogopa kuanguka. Malkia Victoria aliagiza za aina hiyo mwaka 1881. Basi tangu wakati huo pana vyombo viwili vyenye jina moja: kimoja cha mikono, kwa mtu asiyeweza kukanyaga, kingine cha miguu, kwa mtu anayeweza kukanyaga ila hana uhakika wa mizani yake.

Kiswahili nacho hakikutusaidia kuvitenganisha. Dar es Salaam wana neno guta, lakini guta ni la kubebea mizigo. Sisi Kampala tunasema tu baiskeli ya magurudumu matatu, au kwa Kiluganda akagaali, yaani kibaiskeli, na kila mtu anaelewa kuwa ni ile ya mikono kwa kuwa hapa karibu hatujui nyingine. Mwingereza anayeuza kwenye mnada akiandika maneno hayo hayo kwa lugha yake anamaanisha ile ya Malkia. Picha zilikuwepo, na pedali zilionekana. Mimi na binamu yangu tulizitazama tukasema fundi wa Katwe atazihamisha. Nitarudi kwenye jambo hilo.

Neno mnada lenyewe linastahili kusimamiwa kidogo. Limetoka kwenye mzizi wa Kiarabu wenye maana ya kuita kwa sauti. Mnadi ni yule anayeita. Kunadi ni kutangaza mbele ya watu. Katika mwambao wetu neno hili lina kumbukumbu chungu, kwani soko la watumwa la Unguja, lililofungwa kwa mkataba wa Juni 1873, lilikuwa mahali ambapo binadamu walinadiwa. Lakini mnada ulikuwa pia mahali pa kuona na kugusa. Mnunuzi wa ng'ombe humfungua mdomo akahesabu meno. Mnunuzi wa chai katika mnada wa Mombasa, ambako chai nyingi ya Uganda huuzwa, huonja sampuli kwanza. Tangu mwaka 2020 mnada huo wa chai umehamia kwenye kompyuta, lakini kuonja hakukuondoka. Mnada wa intaneti wa vitu vya nyumbani, ulioanza kupata umaarufu baada ya Pierre Omidyar kufungua tovuti yake huko California Septemba 1995, ulimwondoa mnadi na kuondoa pia mkono wa mnunuzi. Kilichobaki ni picha, maelezo, na saa. Anayetoa bei kubwa kabla saa haijafika sifuri ndiye mwenye mali, na wazoefu husubiri sekunde za mwisho kabisa ndipo waweke bei yao.

Sasa njia. Reli kutoka Mombasa ilifika Kisumu mwaka 1901 na Kampala mwaka 1931. Baiskeli za Kiingereza zilifuata njia hiyo, zikauzwa katika maduka ambayo mengi yalikuwa ya Wahindi, na walionunua walikuwa hasa wakulima waliopata fedha za pamba, zao lililoletwa Uganda mwaka 1903. Kwa mkulima wa Busoga au Bukedi, baiskeli ya Coventry au Nottingham haikuwa na bei ya kiwandani. Ilikuwa na bei ya meli, ya bandari, ya reli, ya ushuru, na ya duka. Mwalimu mmoja aliwahi kutuambia darasani kwamba nchi isiyo na pwani hulipia bahari mara mbili: inapouza na inaponunua. Wakati ule niliona ni maneno ya kupendeza tu.

Mfumo huo wa maduka ulivunjika ghafla. Agosti 1972 Idi Amin alitangaza kwamba Waasia waondoke ndani ya siku 90, na maduka yakagawiwa watu ambao wengi wao hawakujua bidhaa inaagizwa wapi wala kwa bei gani. Waliitwa mafutamingi. Spea zikakosekana. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki nayo ikavunjika. Uchumi uliobaki ulipewa jina la Kiswahili ambalo Waganda wote wanalijua, hata wale wanaosema hawajui Kiswahili: magendo. Baada ya baridi kali kuharibu mibuni ya Brazil Julai 1975, bei ya kahawa ilipanda duniani, na kahawa ya Uganda ikavushwa kwa siri kwenda Kenya. Soko la Chepkube, upande wa Bungoma, lilipata sifa kwa biashara hiyo. Huko mpakani Busia, baiskeli zilikuwa zimeanza tangu miaka ya 1960 kuwabeba abiria kati ya kituo cha forodha cha upande mmoja na cha upande mwingine, na kwa maelezo yanayokubaliwa na wengi, hapo ndipo jina bodaboda lilipozaliwa.

Miaka hiyo hiyo ndiyo iliyowapa Uganda watu wengi waliohitaji baiskeli ya mikono. Chanjo ya polio ilikuwa imejulikana duniani tangu 1955, lakini chanjo inahitaji friji, umeme, petroli na muuguzi aliyelipwa mshahara. Katika miaka ya 1970 vitu hivyo viliadimika. Mpango wa taifa wa chanjo ulianzishwa mwaka 1983 na kuzinduliwa upya mwaka 1987. Senga alizaliwa 1976. Aliugua mwaka 1979, mwaka ambao Kampala iliangukia mikononi mwa majeshi ya Tanzania na wapiganaji wa Uganda. Bibi yangu alimbeba mgongoni kwenda zahanati mbili, na zote alizikuta zimefungwa. Hadithi za vita vile tunazosoma ni za vifaru na za nani aliingia ikulu. Za watoto walioamka asubuhi miguu imelegea hazimo vitabuni kwa wingi, ingawa wenyewe wapo mitaani hadi leo, wana umri wa miaka hamsini kwenda juu na chini kidogo.

Kuhusu sheria nitapita haraka, kwa kuwa wenzangu wengi wameshaandika. Umoja wa kitaifa wa watu wenye ulemavu, NUDIPU, uliundwa mwaka 1987. Katiba ya 1995 ilitaja haki zao, na bungeni wakapata wawakilishi wao wenyewe watano. Sheria ya watu wenye ulemavu ilipitishwa 2006, nyingine ikachukua nafasi yake 2020. Ni mafanikio, na sitaki kuyadharau. Ila mwakilishi bungeni hakupeleki sokoni.

Aliyempeleka Senga sokoni ni fundi wa Katwe. Katwe ndipo mahali Kampala inapochomelea chuma: masufuria makubwa, mageti, majiko, mashine za kukoboa. Baiskeli ya mikono ya Katwe si ya kupendeza machoni. Ni mabomba ya chuma yaliyochomelewa, kiti cha mbao chenye sponji, na juu yake, mbele ya kifua, pedali zilizogeuzwa kuwa mishikio, zenye mnyororo unaoshuka hadi gurudumu la mbele. Lakini rimu, tairi, spoki na mnyororo ni vya baiskeli ya kawaida, ile ndefu ya inchi 28 inayobeba ndizi na mitungi ya maziwa kila wilaya. Ikipasuka tairi Iganga, tairi lipo Iganga. Hapo ndipo urahisi wake ulipo, wala si katika bei ya kuinunua.

Senga aliipata yake ya kwanza mwaka 1995, kwa msaada wa kanisa na mchango wa ukoo, na mwaka uliofuata akaenda nayo Busia. Nilikuwa najua tu kwamba "aliwahi kuishi Busia". Nilipomhoji kwa ajili ya insha hii ndipo alipocheka na kunieleza aliishi kwa kazi gani.

Wasomi wawili, Susan Reynolds Whyte na Herbert Muyinda, walichapisha mwaka 2007 utafiti wao juu ya jambo hili, kwa hiyo si Senga peke yake anayelisimulia. Mpakani Busia watu wenye ulemavu walizigeuza baiskeli zao za mikono kuwa vyombo vya mizigo. Walivusha bidhaa kati ya Kenya na Uganda, wakiwa na vijana wa kusukuma nyuma, na maofisa wa forodha kwa kawaida waliwaachia wapite. Wafanyabiashara wenye miguu waliwakodi wawavushie vitu vyao. Fundi aliongeza bomba hapa, akaimarisha ekseli pale, na chombo kilichobuniwa kumbeba mtu mmoja kikabeba mtu mmoja na magunia. Jambo linalofanana na hilo lilikuwepo pia kwenye kivuko cha mto Kongo kati ya Kinshasa na Brazzaville, ambako wenye baiskeli kama hizo walilipa nauli ndogo na wakawa wachuuzi mashuhuri.

Senga alivusha mafuta ya kupikia, sabuni na chumvi kutoka upande wa Kenya. Kurudi alibeba maharagwe. Wanawake kwenye kazi ile walikuwa wachache, anasema, na wanaume walimtania hadi walipoona mikono yake. Nilimuuliza kama hakuona kuwa anavunja sheria. Alinitazama kwa muda.

"Mwanangu, sheria ilikuwa imeniona wapi kabla ya pale? Pale mpakani ndipo serikali iliponitazama mara ya kwanza. Ikasema pita."

Sijui nilitazameje jibu hilo kama mwanafunzi wa historia. Vitabu vya uchumi vitasema huo ni upotevu wa mapato ya nchi, na ni kweli, kwa kuwa ushuru usiokusanywa Busia ndio dawa isiyofika zahanati. Lakini ninaona pia kwamba mpaka, ambao tangu enzi za reli ulikuwa ukiongeza bei ya kila kitu kinachoingia kwetu, ulikuwa umegeuzwa na watu hawa kuwa kisima. Tofauti ya bei ya kopo la mafuta kati ya upande huu na ule ndiyo iliyowalipa. Kadiri ushuru ulivyokuwa mkubwa ndivyo kazi yao ilivyokuwa na thamani. Umoja wa Forodha wa Afrika Mashariki ulipoanza Januari 2005, lengo lake lilikuwa kuipunguza tofauti hiyo hiyo. Senga alikuwa ameshaondoka Busia mwaka 2003, bega likimuuma, akiwa na fedha za kiwanja kule Kalerwe ambako hadi leo anauza nguo za watoto.

Baiskeli yake ya pili ilikatika bomba la kati mwaka 2022. Ilikuwa imeshachomelewa mara tatu mahali pale pale. Ndipo mimi, msomi wa familia, nikasema kwamba nyakati zimebadilika, watu wananunua hata magari ya Japani bila kuyaona, na kwamba simu yangu ingetafuta kitu bora kwa bei rahisi.

Muuzaji wetu alikuwa Coventry. Sikuichagua Coventry, mnada ndio ulionipeleka huko, na wakati ule jina la Starley sikulijua. Tangazo lilisema mzigo uchukuliwe na mnunuzi mwenyewe, jambo la kawaida kwa vitu vikubwa, na ndiyo sababu bei haikupanda: washindani ni wale tu wanaokaa karibu. Binamu alienda kuichukua kwa gari la rafiki. Mwenyewe alikuwa bibi mzee aliyesema mume wake aliipenda sana, akatoa na pampu bure.

Kisha njia ikaanza kudai chake. Tulidhani baiskeli ya kilo 24 italipiwa kama kilo 24. Wasafirishaji wa ndege hawahesabu hivyo. Hupima urefu, upana na kimo kwa sentimita, wakazidisha, wakagawa kwa 5,000, na namba hiyo ikizidi kilo halisi ndiyo wanayoitoza. Baiskeli yetu ilifunguliwa vipande ikafungwa kwenye boksi la sentimita 140 kwa 75 kwa 35. Fanya hesabu: ni kilo 73 na nusu, na nyingi ni hewa. Tukaacha ndege tukatafuta nafasi katika kontena la Mganda mwenzetu aliyekuwa akituma mizigo Mombasa, pauni 110. Kutoka Mombasa ni zaidi ya kilomita 1,100 za barabara hadi hapa. Ilichukua miezi minne.

Wakala wa mizigo aliyetupokelea Kampala alidai shilingi 430,000. Tulipoomba mchanganuo alitutajia maneno mengi kwa haraka, na stakabadhi haikuja. Baadaye, nikisoma kwa ajili ya somo lingine kabisa, nilikuta kwamba Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Afrika Mashariki ya 2004, katika Jedwali la Tano, inasamehe ushuru kwa vifaa vilivyotengenezwa mahsusi kwa matumizi ya watu wenye ulemavu. Nilikasirika siku mbili nzima. Siku ya tatu niliisoma tena nikaliona neno mahsusi. Baiskeli yetu haikutengenezwa mahsusi kwa Senga. Ilitengenezwa kwa mzee wa Coventry mwenye miguu yake. Ile ya Katwe, iliyotengenezwa mahsusi kwa mtu kama yeye, haipiti forodha yoyote, na bomba lake la chuma lilishalipiwa ushuru bila mtu kuuliza litakuwa nini.

Fundi wa Katwe aliizunguka mara mbili bila kusema. Akauliza, "Hii ya inchi 24, tairi lake utalitoa wapi?" Akaonesha kwamba nguvu ya pedali inakwenda gurudumu moja la nyuma, kwamba kuipandisha juu kwa mikono kunataka mnyororo mrefu mara mbili na kiti kusogezwa, na kwamba bomba la katikati ni aluminiamu, ambayo mashine yake ya kuchomelea haiiwezi. Mwishowe alichukua ekseli ya nyuma, beringi zake na kikapu. Zilizobaki aliziunda upya kwa chuma na rimu za inchi 28. Shilingi 250,000, na aliniambia amenipunguzia kwa sababu alimjua Senga tangu zamani.

Jumlisha: 334,000 za mnada, 517,000 za meli, 430,000 za wakala, 250,000 za fundi. Ni shilingi 1,531,000, kwa chombo ambacho kingegharimu laki tisa na kuwa tayari kwa wiki mbili. Mnada wenyewe haukunidanganya. Kila kitu kilichoandikwa kwenye tangazo kilikuwa kweli. Haikuandikwa tu kwamba Kampala iko mbali.

Haki iseme pia kwamba ekseli ile ni nzuri. Senga anasema haijawahi kupiga kelele hata mara moja, na kwenye mteremko wa kuelekea Kalerwe anaishika breki kwa kidole kimoja. Mbele ya kikapu kulikuwa na kibandiko cha chuma chenye jina la kiwanda cha Kiingereza. Fundi alikipaka rangi ya bluu pamoja na vingine vyote, na juu yake Senga ameandika kwa chaki bei za nguo za watoto.